Shajara ya mradi wa ubora: programu ya uvuvi, kampasi ya Mwanza

Kazi inayofuatiliwa hapa ni ya kitengo cha uthibiti ubora katika kampasi moja ya chuo kikuu cha umma jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Tumechukua programu moja tu: shahada ya kwanza ya uvuvi na ufugaji wa viumbe maji, ya miaka 3 na krediti 360. Katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Mwanafunzi anadaiwa saa 3,600, na chuo kinadaiwa ushahidi kwamba saa hizo zimezaa ujuzi.

Lengo la mradi ni moja. Kasoro ikishaandikwa mwaka huu, isirudi mwaka ujao ikiwa imevaa maneno mengine.

Wiki ya 1 na ya 2. Makabrasha ya zamani

Zimekusanywa ripoti za watahini wa nje za miaka 4, mihutasari ya bodi ya mitihani, barua za mamlaka ya udhibiti baada ya ukaguzi, matokeo ya fomu za wanafunzi, na tathmini binafsi iliyofanywa kwa mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala. Karatasi hazikosekani. Kila pendekezo limetolewa kwenye ripoti yake na kupewa mstari wake katika jedwali. Tulianza na mistari 64, na tulipounganisha inayofanana ikabaki 27. Pendekezo moja lilikuwa limeandikwa kwa namna 4: "vifaa vya maabara viongezwe", "mafunzo kwa vitendo yaimarishwe", "uwiano wa nadharia na vitendo uangaliwe", "wanafunzi wapelekwe ziwani mara nyingi zaidi". Ni lile lile, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka lilijibiwa kwa neno "limezingatiwa".

Kutokana na jedwali hilo imejengwa rejista ya kasoro. Kila mstari una namba, kasoro kwa sentensi moja, ukurasa wa ripoti ilikotoka, sababu, mwenye kasoro (yaani anayewajibika kuifunga), tarehe ya mwisho, kasma (fungu) ya bajeti kama inahitaji fedha, ushahidi utakaoonyesha kwamba imefungwa, na jina la cheo kitakachohakiki. Nguzo mbili ndizo zilizoleta mabishano. Ya kwanza ni mwenye kasoro. Rasimu za mwanzo zilijaa "Kamati ya Mitaala" na "Menejimenti". Kamati haiwezi kupigiwa simu Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo mwenye kasoro lazima awe cheo kinachokaliwa na mtu mmoja: mkuu wa idara, mratibu wa programu, fundi sanifu wa maabara, ofisa manunuzi. Ya pili ni mhakiki, ambaye hawezi kuwa mwenye kasoro wala mtu aliye chini yake kiofisi. Fundi sanifu hawezi kuhakiki kazi ya mkuu wake wa idara, hata awe mwadilifu kiasi gani.

Maneno "kuimarisha", "kuboresha" na "kuhamasisha" yamezuiwa ndani ya rejista. Mtu hawezi kwenda kukagua kama jambo "limeimarishwa". Anaweza kukagua kama vipo vipima oksijeni 4 vinavyofanya kazi, kila kimoja na daftari lake.

Neno kuhusu ile tathmini binafsi. Mwongozo wa IUCEA unatumia alama za 1 hadi 7, na 4 maana yake inatosha. Idara ilikuwa imejipa 5 karibu kila mahali, jambo linalotokea watu wanapokaa mezani pamoja na kukubaliana kwa upole. Tumerudia vigezo 6 kwa njia nyingine: kila mjumbe anaandika alama yake peke yake kwanza, na kando yake anaandika namba ya waraka unaoithibitisha. Asiye na waraka haruhusiwi kuvuka 3. Alama zikitofautiana kwa 2 au zaidi ndipo mjadala unafunguliwa. Inachukua karibu saa nzima kwa kigezo kimoja, na ni saa yenye faida kuliko mikutano ya siku mbili hotelini.

Wiki ya 3. Kalenda mbili zisizokutana

Hapa ndipo kasoro nyingi zinapofia, na sijaona mwongozo wa ubora unaolitilia mkazo wa kutosha.

Mwaka wa masomo unaanza Oktoba au Novemba. Mwaka wa fedha wa Serikali ni kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni. Ripoti ya mtahini wa nje hutoka baada ya mitihani ya muhula wa pili, yaani Julai au Agosti. Wakati huo bajeti imeshapitishwa na Bunge mwezi Juni, na mpango wa manunuzi wa mwaka umeshaingizwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma. Pendekezo la kununua kifaa likifika Agosti linasubiri Julai ya mwaka unaofuata. Weka na miezi 4 ya zabuni na kuletewa mzigo, umefika Novemba. Mwanafunzi aliyekosa kifaa hicho akiwa mwaka wa 2 ameshahitimu na kuondoka. Katika mnyororo huo hakuna mtu mzembe hata mmoja. Kila ofisi imefanya kazi yake kwa wakati wake, na matokeo yake ni sifuri.

Tulichobadilisha ni mpangilio wa kazi ndani ya mwaka. Ukaguzi mdogo wa maabara na vifaa vya uwandani umesogezwa hadi Septemba, kabla wanafunzi hawajarudi. Kila kasoro inayohitaji fedha inawekewa bei kwa hati za bei kutoka kwa wauzaji wawili au zaidi, na inafika ofisi ya mipango ifikapo katikati ya Novemba, kabla ukomo wa bajeti haujagawanywa kwa idara. Likizidi hapo, mhasibu anapokea ombi na fedha zilishapangiwa kazi nyingine.

Kasoro zote 27 zimegawanywa katika madaraja 3. Daraja A halihitaji fedha, linafungwa ndani ya siku 30. Daraja B linatoshwa na fedha za matumizi ya kawaida ya idara, siku 90. Daraja C linasubiri bajeti, lakini lazima liwe na njia ya muda ya kupunguza madhara. Kabla ya zoezi hili idara iliamini kwamba karibu kila kitu kinasubiri fedha. Zilipogawanywa, kasoro 14 ziliangukia daraja A.

Wiki ya 4 na ya 5. Waajiri

Waliohojiwa ni wasimamizi wa viwanda vya minofu ya sangara, wafugaji wa sato kwenye vizimba, na maofisa uvuvi wa halmashauri. Fomu ya zamani iliuliza, "Je, mmeridhika na wahitimu wetu?" Kwa swali hilo mgeni anajibiwa kwa heshima, na anarudi na asilimia nzuri isiyomfundisha kitu. Swali jipya ni hili: "Mwezi uliopita, ni kazi gani ulilazimika kuirudia wewe mwenyewe baada ya mhitimu kuifanya?"

Viwandani wanalielewa swali hilo haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia sokoni kwake, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Tangu hapo viwanda vya kanda hii vimejifunza kwamba kukagua minofu mlangoni, tayari kupakiwa, hakutoshi. Hatari inadhibitiwa katika kila hatua, kuanzia barafu ya mwaloni (samaki wanaposhushwa kutoka ziwani), gari la kubebea, maji ya kuoshea, hadi chumba cha baridi cha chini ya nyuzi 18 hasi. Kila hatua ina kiwango, ina mtu anayesaini, na ina maelezo ya kilichofanyika joto lilipopanda. Chuo nacho kikikagua mtihani wa mwisho peke yake, kinafanya kile ambacho viwanda hivi viliacha miaka zaidi ya 20 iliyopita.

Majibu yaliangukia sehemu mbili. Viwandani: mhitimu anajaza karatasi ya joto vizuri, lakini joto likivuka kiwango haandiki hatua iliyochukuliwa. Vizimbani: mhitimu hawezi kukokotoa uwiano wa chakula kwa ongezeko la uzito, na kipimo chake cha oksijeni hakiaminiki.

Kwa ufuatiliaji wa wahitimu wenyewe, kosa kubwa lilikuwa mawasiliano. Namba ya simu iliyoandikwa siku ya kujiunga huwa imekufa mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Sasa fomu ya kukabidhi vitu vya chuo mwishoni mwa masomo inadai namba 3: ya mhitimu, ya mzazi au ndugu, na ya rafiki waliyesoma naye. Hojaji inatumwa miezi 12 baada ya kuhitimu, na ina maswali 9. Ukizidisha hapo, wengi wanaacha katikati.

Wiki ya 6 na ya 7. Karatasi za mitihani

Hii ndiyo wiki iliyoeleza karibu yote.

Programu ina matokeo tarajiwa 12 ya ujifunzaji. Tumechora jedwali lenye mistari 12 na nguzo moja kwa kila kozi ya lazima, kisha tukachukua karatasi za mitihani za miaka 2 pamoja na kazi za muhula. Kila swali, hadi kipengele cha mwisho, limepewa namba ya tokeo tarajiwa linalopimwa, na alama zake zimeandikwa ndani ya kisanduku husika. Hairuhusiwi kuweka swali moja kwenye matokeo matatu. Mhadhiri akishindwa kuchagua, alama zinagawanywa. Kozi moja inachukua kama saa 3 kwa watu wawili: aliyeifundisha, na mwingine asiyeifundisha.

Tokeo tarajiwa la 7 linasema mhitimu ataweza "kukokotoa na kutafsiri viashiria vya ukuaji na matumizi ya chakula". Kwenye kozi ya ufugaji wa samaki, tokeo hilo lilipata alama 6 kati ya 100. Tena swali lenyewe, likigeuzwa kwa Kiswahili, lilikuwa: "Eleza umuhimu wa uwiano wa chakula kwa ongezeko la uzito." Mwanafunzi anaweza kupata alama zote 6 bila kushika kikokotoo. Mfugaji wa vizimba alikuwa amesema kweli, na ushahidi ulikuwa kabatini mwetu muda wote.

Swali jipya lililoandaliwa linakwenda hivi. Mfugaji amepandikiza vifaranga 5,000 vya sato, kila kimoja gramu 30. Amevuna samaki 4,500 wenye wastani wa gramu 300. Ametumia chakula kilo 1,800. Kokotoa uwiano, kisha mshauri mfugaji. Uzito wa mwanzo ni kilo 150, wa mavuno kilo 1,350, ongezeko ni kilo 1,200, na uwiano ni 1.5. Kosa linalotarajiwa ni kugawa 1,800 kwa 1,350, jibu likawa 1.33, na mfugaji akaambiwa amefanya vizuri kuliko alivyofanya. Mwongozo wa usahihishaji unatoa alama 2 kwa ongezeko la uzito, 2 kwa uwiano, 2 kwa kutaja samaki 500 waliopotea na chakula walichokula kabla ya kupotea, na 4 kwa ushauri. Ushauri ndio wenye alama nyingi kwa sababu ndio anaoulipia mwajiri.

Jambo la pembeni, lakini lina uzito. Mihadhara na mitihani ni kwa Kiingereza, ilhali mwenye kizimba anazungumza Kiswahili au Kisukuma. Kwenye mafunzo kwa vitendo tumeongeza dakika 5 ambazo mwanafunzi anamweleza mfugaji matokeo yake kwa Kiswahili. Wengine waliokokotoa vizuri kwenye karatasi walikwama hapo. Asiyeweza kuieleza hesabu kwa lugha ya mwaloni bado hajaimeza.

Fomu ya kuhakiki mtihani kabla ya kuchapwa nayo imebadilishwa. Ya zamani iliuliza kuhusu kichwa cha karatasi, muda, na kama namba za maswali zimefuatana. Mpya ina maswali 5: kila swali linapima tokeo gani, jumla ya alama kwa kila tokeo ni ngapi, mwongozo wa usahihishaji unakubali njia zaidi ya moja pale inapowezekana, ni maswali mangapi yamerudiwa kutoka miaka 2 iliyopita, na mhakiki alijaribu kuufanya mtihani huo kwa dakika ngapi. Hilo la mwisho ndilo linalokwepwa zaidi. Mtihani wa saa 3 ambao mhadhiri mwenzako anaumaliza kwa saa 2 na nusu, mwanafunzi hataumaliza.

Wiki ya 8. Vipima oksijeni

Ripoti za maabara za wanafunzi zilikuwa na namba nzuri mno. Sababu zimepatikana tatu, na mbili kati yake hazihitaji hata shilingi.

Ya kwanza ni kimo cha ziwa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 25 hubeba oksijeni ya karibu miligramu 8.3 kwa lita pwani, lakini hapa Mwanza ni karibu 7.2, kwa kuwa shinikizo la hewa ni dogo. Kifaa kinapofanyiwa kalibresheni, yaani kurekebishwa kisome sawasawa, huku kimeachwa kwenye shinikizo la usawa wa bahari, kinasoma juu kwa takriban asilimia 15. Maji yenye 2.7 yanaonekana yana 3.1. Chini ya 3 sato anapunguza kula, na mfugaji anayeendelea kumwaga chakula anatupa fedha ziwani. Marekebisho: karatasi ya ukubwa wa kiganja imebandikwa kwenye kila sanduku la kifaa, ikionyesha thamani ya kuweka kwa nyuzi 22 hadi 30 kwa kimo cha hapa.

Ya pili ni saa ya kupima. Oksijeni hushuka zaidi alfajiri, kwa sababu mimea na viumbe vya majini vimepumua usiku kucha bila mwanga wa kuizalisha. Ratiba ilikuwa inaondoa basi kampasini saa 2 asubuhi, na kipimo kikachukuliwa saa 4, jua likiwa limeshafanya kazi yake. Miaka yote wanafunzi wamepima saa nzuri ya siku na kuandika kwamba maji ni salama. Basi sasa linaondoka saa 11 alfajiri kwa zamu za makundi, na kipimo cha kwanza kinachukuliwa saa 12. Mratibu amebadilisha ratiba kwa waraka wa ukurasa mmoja. Kasoro ya daraja A, imefungwa siku ya 19.

Ya tatu ni vichwa vya vipima vilivyopitwa na muda wake. Hiyo ni daraja C, na imeingia kwenye maombi ya bajeti. Kwa sasa kila somo la vitendo linaanza kwa kupima sampuli moja kwa kifaa na kwa titresheni ya Winkler, njia ya kupima oksijeni kwa kemikali. Kifaa kinachotofautiana na titresheni kwa zaidi ya 0.5 kinawekwa kando.

Wiki ya 10 na ya 11. Fomu za wanafunzi

Mfumo unamlazimisha mwanafunzi kujaza tathmini ya mhadhiri kabla ya kuona matokeo yake. Hivyo wanaojaza ni karibu wote, na thamani ya wanachojaza ni ndogo. Mwanafunzi anayetaka kujua kama ana sapu (mtihani wa marudio) anabonyeza 3, 3, 3 hadi mwisho.

Hatua zilizochukuliwa: maswali yamepunguzwa kutoka 32 hadi 12. Moja limegeuzwa maana, "Mara nyingi sikuelewa tunachotakiwa kufanya", ili anayebonyeza namba moja mfululizo aonekane. Fomu zenye jibu moja kwa maswali yote zinahesabiwa na kutajwa kwenye ripoti, lakini haziingii kwenye wastani. Dirisha la kujaza linafunguliwa wiki ya 10 ya muhula, dakika 10 ndani ya kipindi, mhadhiri akiwa nje ya ukumbi na kiongozi wa darasa akisimamia. Lile la kabla ya matokeo limefungwa.

Wastani peke yake umeondolewa kwenye ripoti. Mhadhiri aliyepewa 3 na darasa zima, na aliyepewa 1 na nusu ya darasa na 5 na nusu nyingine, wote wana wastani wa 3. Wa pili ana tatizo tofauti kabisa, huenda anawafundisha waliokaa mbele tu. Ripoti inaonyesha mgawanyo wa majibu. Darasa likiwa na majibu pungufu ya 10, namba hazitolewi, yanatolewa maoni peke yake yakiwa yamechapwa upya ili mwandiko usitambulike.

La lazima kuliko yote: mhadhiri anarudi darasani wiki ya 12 na kuwaambia wanafunzi mambo 2 aliyobadilisha na 1 asiloweza kubadilisha pamoja na sababu. Mwanafunzi akiona maoni yake ya muhula uliopita yamefanyiwa kazi, anaandika kwa makini safari inayofuata.

Wiki ya 13. Namba ya kugawia ya kila kipimo

Idara, ofisi ya udahili na ofisi ya mipango kila moja ilikuwa na asilimia yake ya wanaohitimu kwa wakati, na zote 3 hazikulingana. Hakuna aliyedanganya. Mfano wa kukokotolea unaonyesha inavyotokea. Wamedahiliwa 80. Sita wamehamia programu nyingine, wanne wamehamia kwetu. Saba wamedisko, yaani wameondolewa masomoni kwa kufeli. Watano wameahirisha masomo. Orodha ya mwaka wa 3 ina watu 66, na wanaohitimu kwa wakati ni 61, wakiwamo 3 kati ya waliohamia kwetu. Ukigawa 61 kwa 66 unapata asilimia 92.4. Ukigawa 61 kwa 78, yaani 80 kutoa 6 kuongeza 4, unapata 78.2. Ukichukua 58 wa awali kwa 80, unapata 72.5.

Asilimia 92.4 inapendeza, na inaficha wale 7 waliodisko kana kwamba hawakuwahi kuja. Tumechagua ya kati kuwa kipimo rasmi cha programu, na waliodisko na walioahirisha wanaandikwa kwenye mistari yao chini yake, kwa mwaka wa masomo walipotoka. Kila kipimo kwenye dashibodi sasa kina kadi ya nusu ukurasa: kinachohesabiwa, namba ya kugawia, tarehe ya kuhesabu, chanzo, na cheo cha anayehesabu. Tarehe ya udahili ni mwisho wa wiki ya 4 ya muhula wa kwanza, kwa sababu kabla ya hapo kuna wanaosubiri mkopo na wanaohama.

Wiki ya 16. Malengo ya watumishi

Malengo ya mradi yameingizwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS iliyoanza mwaka 2004. Nguvu ya hatua hii ni kwamba kasoro inakuwa kazi ya mtumishi inayoonekana kwa msimamizi wake. Hatari yake ni kuchagua lengo baya. Rasimu moja ilitaka "ufaulu usipungue asilimia 90". Tumeikataa. Mhadhiri anayepimwa kwa ufaulu wa wanafunzi aliowatungia na kuwasahihishia mwenyewe ana njia rahisi ya kulifikia lengo, na njia hiyo ni kulegeza mtihani. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliliona jambo la jinsi hii kwenye sera za fedha mwaka 1975: kipimo kikishageuzwa lengo, kinaanza kupoteza uaminifu.

Malengo yaliyobaki ni ya mwenendo wa kazi: kazi za wanafunzi zirudishwe zikiwa na maoni ndani ya siku 14, mtihani ufike kwa mhakiki wiki 5 kabla ya kufanyika, jedwali la matokeo tarajiwa lijazwe kwa kila mtihani, barua ya majibu kwa mtahini wa nje itoke ndani ya siku 30 ikijibu hoja kwa hoja.

Wiki ya 19. Kufunga na kufungua tena

Kasoro 11 ziliombewa kufungwa. Mhakiki alifunga 8. Tatu zilirudishwa, na sababu ni ile ile: ushahidi ulioletwa ulikuwa wa shughuli, haukuwa wa matokeo. Kwa kasoro ya karatasi za joto viwandani, idara ilileta picha na orodha ya mahudhurio ya semina. Ushahidi unaotakiwa ni ripoti 10 za mafunzo kwa vitendo zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ambamo angalau 8 zimeandika hatua iliyochukuliwa joto lilipovuka kiwango. Zilikuwa 4.

Kwa kila kasoro iliyofungwa imewekwa tarehe ya kuitazama tena baada ya muhula mmoja. Ratiba ya alfajiri, kwa mfano, inaweza kurudi saa 2 kimya kimya dereva wa basi akibadilishwa.

Wiki ya 22. Hali ya rejista

Zilizofungwa ni 12, zilizo ndani ya muda 9, zilizopita muda 4, zilizounganishwa na nyingine 2. Kati ya zile 4, mbili ziko kwa cheo ambacho kwa sasa kina kaimu asiye na mamlaka ya kusaini. Rejista imeongezewa nguzo moja: cheo kikikaimiwa zaidi ya siku 30, kasoro inapanda yenyewe kwa amidi (mkuu wa kitivo) bila kusubiri kikao.

Maombi ya vichwa vya vipima oksijeni yamepokelewa na ofisi ya mipango yakiwa na kasma na hati 3 za bei. Hadi vitakapofika, titresheni inaendelea. Thiosalfeti, kemikali ya titresheni hiyo, iliyopo stoo inatosha masomo 6 ya vitendo. Ratiba ya muhula ujao ina 8, na ombi la chupa 2 za nyongeza liko mezani kwa mkuu wa idara, daraja B, tarehe ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ya 24.